Kipimo cha streptokoka kundi B: ninavyowaeleza wajawazito wangu

Mama, kipimo hiki cha bakteria wanaoweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa fanya wiki ya 36 au 37, maana majibu yake hutegemewa kwa wiki 5 hivi tu. Kijiti cha pamba hupitishwa ukeni, sehemu ya chini, kisha njia ya haja kubwa. Ukiona haya, omba ujichukulie mwenyewe, mimi huwaruhusu.

Wakikutwa bakteria, usikimbilie vidonge: watarudi kabla hujajifungua. Dawa ni penisilini ya mshipani, ianze uchungu ukianza au chupa ikipasuka, ikiwezekana saa 4 au zaidi kabla mtoto hajazaliwa.

Penisilini inakudhuru? Sema leo, tena useme ilikufanyaje: kichefuchefu tu, au ulivimba koo? Jibu hilo ndilo huamua dawa mbadala, kati ya sefazolini na klindamaisini, na hiyo ya pili maabara ithibitishe kwanza kwamba inawaua bakteria wako.

Upasuaji uliopangwa, kabla ya uchungu kuanza au chupa kupasuka, hauhitaji dawa hii ya kumkinga mtoto.