Somo: Kumwombea mgeni kibali cha kazi, kuanzia tangazo la nafasi

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye kambi ya watalii alinisimamisha karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, mkononi kashika bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya pasi ya kusafiria, picha sita, mkataba na barua ya kampuni. "Dada, mpishi wangu anatua uwanja wa ndege wa KIA Jumatatu. Nianzie wapi?" Nilimwambia alitakiwa kuanza miezi mitatu nyuma. Nimeshughulikia vibali vya walimu, wapishi na mameneja Arusha na Moshi kwa miaka mingi, na swali hilo huja hivyohivyo, mgeni akiwa tayari ana tiketi.

Kabla ya hatua zenyewe, jueni kwamba tunazungumzia karatasi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Hati ya ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Cha kazi kinatangulia, cha ukaazi kinafuata. Mwenye kimoja tu bado hajakamilika, na akikutwa kazini, mwajiri naye yumo.

Hatua ya kwanza: mtafute Mtanzania, na umtafute kwelikweli. Sheria inamtaka mwajiri amridhishe Kamishna kwamba amejaribu kupata mtaalamu hapa nchini akamkosa. Tangaza nafasi, pokea maombi, fanya usaili. Tunza tangazo, orodha ya walioomba, alama zao na sababu ya kila mmoja kutochukuliwa. Kuna waajiri wanaoandika tangazo lenye sifa za mtu mmoja wanayemjua tayari, hadi lugha ya kijijini kwao. Maofisa wanaliona hilo mara moja, na mimi naona si haki kwa vijana wetu wanaotuma maombi kwa matumaini.

Hatua ya pili: jua daraja. Hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu ofisi zote mbili hutumia herufi, na herufi hizo hazilingani. Kwa kibali cha kazi, A ni mwekezaji au aliyejiajiri. B ni fani zilizotajwa maalumu, kama madaktari na walimu wa sayansi na hisabati. C ni fani nyingine. D ni shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa. E ni wakimbizi. Kwa hati ya ukaazi, A ni mwekezaji, B ni mwajiriwa, na C ni makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kwa hiyo mpishi wa yule kijana anahitaji kibali cha kazi daraja C na hati ya ukaazi daraja B. Andikeni hilo mahali. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka ada ya kibali cha kazi kuwa dola 1,000 za Marekani kwa daraja A na C, na dola 500 kwa B na D. Ada ya ukaazi ni nyingine kabisa, kwa hiyo panga bajeti ya zote mbili na ufuate kiasi kilicho kwenye ankara yako.

Hatua ya tatu: nyaraka. Fomu ya maombi, barua ya mwajiri, mkataba, maelezo ya majukumu, wasifu wa mwombaji, vyeti vilivyothibitishwa, nakala ya pasi, picha, usajili wa kampuni, leseni ya biashara na karatasi za kodi. Cheti kilichoandikwa kwa lugha nyingine kitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Fani yenye bodi yake, kama uhandisi au udaktari, anza na bodi.

Kuzikusanya si kazi kubwa. Kazi ni kuzifanya ziseme kitu kimoja. Niliwahi kurudishiwa maombi ya mwalimu kwa sababu mkataba ulisema "Mwalimu wa Hisabati", maelezo ya majukumu yakasema "Mratibu wa Taaluma", na barua ya mkuu wa shule ikamwita "Mshauri". Mtu mmoja, kazi tatu. Majina nayo vilevile: pasi ina majina matatu, cheti kina mawili. Siku hizi natandaza karatasi zote mezani na kusoma mstari wa jina na wa cheo kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Hatua ya nne ndiyo ninayotaka mkae nayo zaidi: mpango wa urithishaji. Sheria inamtaka mwajiri aonyeshe ni Mtanzania gani atakayejifunza kazi hiyo, kwa njia gani na kwa muda gani. Wengi hujaza jina la yeyote aliye karibu. Nami nilifanya hivyo zamani, katika hoteli moja upande wa Meru iliyokuwa na mwokaji mikate kutoka Ufaransa. Nikaandika jina la kijana wa jikoni. Muda wa kuhuisha kibali ulipofika, ofisa alikuja, akamwita yule kijana na kumwuliza kwa upole: tanuri linawekwa joto kiasi gani kwa mikate ya asubuhi? Kijana alitazama mikono yake. Miaka miwili alikuwa akimenya vitunguu. Maombi yalikataliwa, na lililoniuma zaidi ni kwamba jina lile niliandika mimi, na kijana alikuwa na uwezo wa kujifunza.

Tangu hapo kila mrithi ninayemwandika ana daftari. Kila mwezi mgeni anaandika alichofundisha, mrithi anaandika alichofanya kwa mikono yake mwenyewe, wote wanasaini. Mwezi wa kwanza kupima unga na chachu, wa pili kukanda, wa tatu kuwasha tanuri peke yake alfajiri. Ukihuisha kibali, unaambatisha daftari. Na mgeni akiondoka, mkate unaendelea kuoka.

Hatua ya tano: tuma maombi kwenye mfumo wa mtandaoni, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, subiri. Kibali kikitoka, ingia upande wa Uhamiaji. Wakati huo mgeni akae kwao. Visa ya utalii ya dola 50 haimruhusu kufanya kazi hata siku moja, hata "kuangalia tu mazingira" akiwa amevaa aproni. Fundi anayekuja kufunga mashine na kuondoka aombe visa ya biashara, dola 250, ya siku 90.

Baada ya kupata, weka tarehe kwenye kalenda. Kibali kinatolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja. Mimi huanza kuhuisha miezi mitatu kabla. Makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na kodi ya mshahara yaanze mwezi wa kwanza.

Maswali ya wanachama

Shikamoo dada. Tuna kituo cha watoto Moshi, wageni wanakuja kujitolea wiki sita, hawalipwi chochote. Nao wanahitaji vibali?
Marahaba. Wanahitaji. Kutolipwa hakumfanyi mtu kuwa mtalii. Kituo kiwe kimesajiliwa, kisha waulizeni Uhamiaji Moshi kuhusu ukaazi daraja C wa muda mfupi na Ofisi ya Kazi kuhusu daraja D, kabla hawajakata tiketi. Nasisitiza kwa sababu hapo kuna watoto: anayelala nao jengo moja ajulikane ni nani.

Mimi Mkenya, nafundisha Arusha, kila baada ya miezi mitatu natoka kwenye mpaka wa Namanga na kurudi. Si tuna soko la pamoja la Afrika Mashariki?
Kaka, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi ilifungua fani zake kwa masharti, na kibali bado kinatakiwa. Muhuri wa Namanga au Holili ni wa kutembelea, hautoi ruhusa ya kazi. Zungumza na mkuu wako wa shule wiki hii, maana maombi hupitia kwa mwajiri.

Rafiki yangu Mjerumani anataka kuongoza watalii mwenyewe, Kiswahili anakijua vizuri.
Haiwezekani. Amri ya Julai 2025 imeweka uongozaji watalii kati ya biashara 15 zilizofungwa kwa wasio raia, pamoja na maduka ya vinyago na ya rejareja. Faini yake haipungui shilingi milioni 10, na Mtanzania anayemsaidia naye anashtakiwa. Usimpe jina lako.

Mke wa meneja wetu yuko hapa kwa hati ya mume. Anaweza kufundisha Kifaransa shuleni?
Kwa hati hiyo, hapana. Shule imwombee kibali chake.

Tunataka kumhamishia mgeni wetu tawi la Zanzibar.
Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina kamisheni yake na kibali chake. Hata kubadili mwajiri ndani ya Arusha kunahitaji kibali kipya.

Kuna mtu anasema anapata kibali kwa siku tatu, nimtumie pesa kwenye simu.
Huyo ni kishoka. Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti yenye jina la kampuni yako. Nimeona hati za bandia zenye mihuri mizuri, na aliyebeba mzigo ni mwajiri na mgeni aliyelipa kwa nia njema.

Dada, ni mimi wa bahasha. Mpishi nimemwambia asogeze safari. Mrithi nimempata, binti aliyemaliza chuo cha hoteli, ila hajawahi kupika kambini. Nimwandike?
Mwandike. Hakuna sharti kwamba awe anajua tayari. Sharti ni afundishwe. Nunua daftari lenye jalada gumu, maana la karatasi laini halitahimili moshi wa jiko la kambi, na ukurasa wa kwanza aandike yeye mwenyewe anachokijua leo.