Somo: Jifunze kupika kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ndugu zangu, wengi mnaniuliza kuhusu maumivu, kovu na gharama, na ni haki yenu. Ila kilichonisaidia kuliko vyote nilikipata jikoni kwangu Tabata, miezi mitatu kabla sijalazwa. Nina duka la vitenge Kariakoo. Miaka na miaka mchana nilikula wali wa mama ntilie, jioni chipsi mayai za njiani, na siku nikiwahi kurudi nyumbani alipika dada wa kazi. Siku ya kwanza kuonana na mtaalamu wa lishe aliniuliza, "Mchuzi wa nyumbani kwako unawekwa mafuta kiasi gani?" Nikakosa jibu.

Upasuaji niliofanyiwa huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, unabaki mwembamba kama ndizi. Mkono uliozoea kumimina mafuta unabaki vilevile. Na wiki za mwanzo baada ya upasuaji unakuwa umechoka na una kidonda. Hapo huwezi kuanza kujifunza kuwasha jiko.

Hatua ya 1: Pima mafuta unayotumia sasa

Siku hiyo usibadilishe kitu. Anayepika amimine kama kawaida yake, ila kwenye kikombe, kisha myahamishie kwenye sufuria kwa kijiko cha kulia wali huku mkihesabu. Sisi tulipata vijiko tisa, mchuzi wa watu wanne. Dada alishtuka kunizidi mimi, maana anapika alivyofundishwa na mama yake. Kijiko kimoja cha mafuta kina kama kilokalori 120, kwa hiyo sufuria ile ilikuwa na zaidi ya 1,000 za mafuta peke yake, wali haujapakuliwa. Tafadhali msimgombeze mpishi. Kuanzia siku ile dumu la lita tano likaenda stoo, jikoni ikabaki chupa ndogo na kijiko chake.

Hatua ya 2: Kaanga kitunguu kwa maji

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nendeni nami taratibu. Tumia sufuria nzito. Katakata kitunguu kidogokidogo, tia chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, weka moto wa wastani na ufunike. Kitunguu kitatoa maji yake chenyewe. Kikianza kushika chini na kuwa rangi ya chai ya rangi, tia vijiko viwili vya maji, kwangua kwa mwiko, acha kikauke tena. Rudia mara tatu. Ile rangi inayoshika chini ndiyo utamu wenyewe. Ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi na nyanya zilizosagwa, ufunike mpaka nyanya ziive na kuacha ukali. Mwisho kabisa tia kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima.

Mimi nilikiunguza mara mbili kwa kuongea na simu. Mara ya tatu mwanangu alichovya mkate bila kuambiwa.

Hatua ya 3: Protini kwanza

Baada ya upasuaji wengi huelekezwa kupata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na tumbo ni dogo, kwa hiyo anza mapema kuzoea kuila kabla ya wali au ugali. Yai moja lina kama gramu 6. Samaki, kuku asiye na ngozi, dagaa, maharage na mtindi usiotiwa sukari vyote vinapatikana sokoni kwetu. Mimi nilianza na samaki aina ya changu: ndimu, chumvi, kitunguu saumu, kisha anaingia kwenye rojo la hatua ya 2 na kufunikwa dakika kumi na tano. Usimgeuzegeuze, atavunjika.

Hatua ya 4: Kula kwenye kisosi

Sahani ndogo, kijiko cha chai, tafuna mpaka tonge liwe uji, na mlo mmoja uchukue dakika 20. Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Hili la maji lilinishinda wiki mbili nzima, ndiyo maana nasema anzeni mapema.

Hatua ya 5: Wiki mbili za mwisho

Hospitali nyingi hutoa mlo wa wanga kidogo kabla ya upasuaji. Ini lenye mafuta huvimba na kufunika tumbo. Likisinyaa, daktari anapata nafasi ya kufanya kazi kwa usalama. Fuata karatasi uliyopewa na hospitali yako, usifuate yangu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mimi nina kisukari na nachoma insulini. Naweza kuanza kupunguza wanga leo?

Jibu: Hapana, mama yangu, muone daktari wako kwanza. Wanga ukipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Dozi irekebishwe na yeye.

Swali: Dada, nyumbani tunapika kwa nazi, mume wangu hali mboga isiyo na tui. Nipike masufuria mawili?

Jibu: Sufuria moja inatosha. Pakua ya kwako kabla hujatia tui. Yeye mwekee tui lake, wala usimlazimishe. Yeye hafanyiwi upasuaji.

Swali: Mama mkwe anasema nakula chakula cha wagonjwa.

Jibu: Wangu alisema hivyohivyo, na iliniuma. Nilimwomba anifundishe mchicha wa kwao Tanga, nikamwomba tu tuupikie kijiko kimoja cha mafuta. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia kuniuliza nimekula nini.

Swali: Juisi ya miwa na soda vipi, si ni maji tu?

Jibu: Sukari ya kunywa hupita kwenye tumbo dogo bila kukushibisha. Soda na gesi yake inaumiza. Ziache sasa, usisubiri tarehe.

Swali: Sina blenda. Wiki za vyakula vya kusagwa baada ya upasuaji nitafanyaje?

Jibu: Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha na maji mapya mpaka yapondeke kwa vidole. Yaponde kwa mwiko, kisha yapitishe kwenye chujio la waya ukikamua kwa mgongo wa kijiko. Maganda yatabaki juu. Yakiwa mazito, ongeza supu ya kuku iliyochujwa, uchuje tena. Fanya majaribio mara mbili kabla hujalazwa, na umfundishe atakayekuuguza.