Kabla hujapaa toka Kisongo, uelewe kwanza upepo

Mdogo wangu unayejifunza urubani hapa Arusha, na wewe wa Moshi unayesubiri safari yako ya kwanza ya peke yako, naomba tuongee upepo kabla hujashika usukani, maana watu wengi wanaujua nusu nusu na ile nusu isiyojulikana ndo inaleta shida. Naongelea upepo uliotulia, unaovuma kasi ile ile na toka upande ule ule. Ule wa kurukaruka mchana wa jua kali tuuache kwanza.

Sisi tuliokulia uchagani tulikuwa tunashindanisha majani kwenye mfereji, unaweka jani lako linaondoka na maji huku unalikimbiza ukingoni. Sasa fikiria kuna sisimizi juu ya lile jani. Akitembea toka ncha hii hadi ile hachoki zaidi eti kwa sababu maji yanakimbia, kwake yeye jani limetulia kabisa na ukingo ndo unapita. Ndege ikishaacha ardhi ni hivyo hivyo, iko ndani ya hewa na hewa yote inahama nayo. Kipima mwendo kikisoma noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa, kitasoma hivyo upepo uwepo usiwepo, mabawa yanabeba vile vile na injini haijui kitu. Upepo unagusa mambo mawili, utafika saa ngapi na utafika wapi. Yote mawili unayapiga hesabu ukiwa bado chini na karatasi.

Mafuta kwanza. Toka Kisongo, uwanja wetu wa ndege hapa Arusha, mpaka Seronera kule Serengeti ukinyoosha ni kama maili 120 za baharini, unaelekea magharibi ukiegemea kaskazini. Msimu wa kusi, upepo ukitoka kusini mashariki, unakusukuma mgongoni karibu moja kwa moja. Tuseme ni noti 20 na ndege yako inakwenda 120: kwenda unapita juu ya ardhi kwa noti 140, dakika 51 umefika, unashangilia. Kurudi upepo ule ule uko usoni, umebaki na noti 100, na hizo ni dakika 72. Jumla 123, wakati siku isiyo na upepo ingekuwa 120 kamili. Wengi wanadhani kwenda na kurudi vinafidiana, hapana, haviwezi, kwa sababu ule upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri, na kadiri unavyokuwa mkali ndo hasara inazidi.

Sasa chukulia una mafuta ya saa 2 ukiondoa akiba. Siku tulivu ungeweza kwenda mbele dakika 60 kisha ukageuka. Na kusi hiyo ya noti 20 mwisho wako ni dakika ya 50, ukiipita hurudi bila kugusa akiba, na Seronera bado hujaifikia. Kwa hiyo andika dakika ya kugeukia kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini, maana ukiwa juu na ardhi inapita haraka hivyo moyo unakudanganya kuwa mambo ni mazuri. Na akiba usiihesabu kabisa kwenye safari, kanuni za kimataifa kwa ndege inayoruka kwa kuona ni dakika 30 mchana na 45 usiku, mimi naona ni kidogo kwa porini na naongeza.

Pili, mwelekeo. Toka Arusha kwenda Zanzibar unaelekea kusini mashariki, na kaskazi ikivuma toka kaskazini mashariki inakupiga ubavu wa kushoto karibu digrii 90. Noti 20 za ubavuni kwa ndege ya noti 120 ni kama digrii 10, kwa hiyo pua unaielekeza kushoto digrii 10 na ndege inakwenda kimshazari hivyo hivyo njia nzima. Ukisahau, ukafuata tu dira kama ulivyochora kwenye ramani, baada ya karibu saa 2 umesukumwa maili 38 hivi, uko bara huko juu ya mkoa wa Pwani unatafuta kisiwa ambacho hakipo. Usiikanyagie pedali kuilazimisha inyooke, iache iende kimshazari, mabawa yakiwa sawa, abiria hatahisi chochote.

Kupaa na kutua nitapita haraka. Kisongo na KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) njia zote za kurukia zinaelekea mashariki na magharibi, zinaitwa 09 na 27, yaani digrii 90 na 270 za dira, sababu upepo wetu mwingi ni wa mashariki. Angalia soksi ya upepo kwa macho yako hata kama umeshasoma taarifa ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Ukitua kwa noti 60 na 15 ziko usoni unagusa lami kwa 45, ukitua nazo mgongoni unagusa kwa 75, na umbali wa kusimama unakua kwa mraba wa mwendo, yaani karibu mara 3. Halafu Kisongo iko mita 1,380 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kasi ya kweli tayari imezidi ile unayoisoma.

Kitu kilichonitisha mimi ni kugeuka chini chini kufuata upepo. Nikiwa mwanafunzi niligeuka namna hiyo, nikaona mashamba yanakimbia, mkono ukaanza kuvuta usukani nyuma ili nipunguze mwendo, mwalimu akausukuma mbele kwa nguvu na kuniambia nisome kipima mwendo. Kilikuwa kimeshuka vibaya. Utasikia wakubwa wakisema ndege ikigeukia upepo wa nyuma inapoteza nguvu ya kubeba, mdogo wangu, upepo uliotulia hauwezi kufanya hivyo, kumbuka sisimizi. Ni macho yako yanayoona ardhi ikikimbia na mkono unayatii.

Ila Meru iheshimu. Nyuma ya mlima, upande upepo unakoelekea, hewa haijatulia tena, na ukiona wingu la umbo la sahani limeganda pale halisogei ilhali upepo ni mkali, ujue hewa inapanda na kushuka kama mawimbi na hesabu zote hizi hapo hazishiki. Zungukia mbali, upande upepo unakotoka, na kama mafuta ya kuzunguka hukuyapangia basi siku hiyo usiende.