Una laki sita unataka laptopu? Soma hii kabla hujashuka Kariakoo

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia meseji, "Anko shikamoo, nimepata laki sita nataka laptopu ya chuo, kuna jamaa ananiuzia i7 kwa laki tano na nusu, nichukue?" Nikamuuliza i7 ya mwaka gani, kimya. Nikamwambia mwambie huyo jamaa aiwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, piga enter, nitumie picha ya kitakachotokea. Picha ikaja: Core i7-4600U. Hiyo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya 2013 wakuu, mpwa wangu mwenyewe alikuwa chekechea.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo naanzia hapa hapa. Hiyo i3, i5, i7 ya prosesa za Intel peke yake haikwambii kitu, cha kuangalia ni namba inayofuata baada ya kistari. i7-4600U inaanza na 4, ni kizazi cha nne. i5-8250U inaanza na 8, kizazi cha nane. Zikifika za kumi unasoma tarakimu mbili, i5-10210U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Sasa utamu uko hapa: hiyo i7-4600U ndani ina vichwa viwili tu vya kufanya kazi, i5-8250U ina vinne. Yaani i5 ya kizazi cha nane inamwacha mbali i7 wa zamani, ila muuzaji anajua ukisikia i7 macho yanakutoka, stika ya i7 anaiacha iwake na namba anaipitia juu juu.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha nane? Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Utakutana na mashine ya kizazi cha nne dukani inawaka Windows 11 safi kabisa, usidanganyike, kuna njia ya kuirukisha hiyo kaguzi na mafundi wote wanaijua, inafanya kazi ila Microsoft hawajakuahidi chochote kuhusu apdeti huko mbele. Kuona Windows 11 kwenye kioo sio ushahidi, ushahidi ni namba ya prosesa.

Tukubaliane jambo lingine mapema: kwa hela ya namna hii achana na laptopu mpya. Najua boksi lina raha yake. Ila mpya za bei ya chini mara nyingi unakuta prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na hifadhi ya eMMC GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza wala kubadilisha, Windows yenyewe ikishakaa na apdeti zake mbili tatu unabaki unafuta picha za harusi ili upate nafasi ya kufungua Word. Chukua used za maofisini. Makampuni huko Ulaya na Marekani yananunua mashine kwa mamia, yanatumia miaka mitatu minne kisha yanazitoa zote kwa mkupuo, ndizo zinazotua huku. Za kutafuta ni ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490, HP EliteBook 840 G5. Nyingi za hizo ni kizazi cha nane lakini bado soma namba, usiende kwa jina tu. Zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vipo, na RAM inabadilishika. T480 ina nafasi mbili za RAM, ila ukiona T480s, hiyo s ya mwisho inamaanisha nyembamba zaidi na RAM nyingine imeshachomelewa, imebaki nafasi moja. X1 Carbon ni nzuri kwa macho ila RAM yote imechomelewa, ukinunua ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8.

RAM anza na GB 8, ukipata 16 usijiulize mara mbili. Hifadhi iwe SSD, ile isiyo na diski ya kuzunguka, GB 256 inatosha mtu wa kawaida. Kama una kompyuta ya zamani nyumbani ina diski ya kuzunguka, ile inayochukua dakika tano kuwaka huku inakwaruza kama panya dari, kabla hujaitupa mnunulie SSD ya inchi 2.5 umpe fundi abadilishe. Nilifanya hivyo kwenye mashine ya steshenari ya dada yangu, alidhani nimemletea nyingine.

Haya, sasa umefika dukani. Iwe Aggrey pale Kariakoo, iwe Luthuli kwa walioko Nairobi, mwendo ni mmoja, usitoe hela kabla hujakaa na mashine kama nusu saa. Nenda mchana, beba flashi, iafoni za masikioni na simu yenye bando la kurusha hotspoti. Muuzaji akikuharakisha eti kuna mteja mwingine anaitaka, mpishe huyo mteja.

Kwanza izime kabisa uiwashe mwenyewe, wakati inawaka gonga F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows. Ikikuomba pasiwedi na muuzaji hana, irudishe mezani. Pili, na hili liliniuma mwenyewe: mwaka fulani nilinunua EliteBook nzuri, nikaitumia wiki mbili, siku nimeifomati nikaiunga intaneti ikaniletea jina la kampuni ya nje inanitaka niingie na imeili ya kazini kwao. Kumbe ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe, fundi wa dukani alikuwa amepiga Windows bila intaneti ndiyo maana haikusema kitu. Siku hizi namwambia muuzaji anifomatie mbele yangu, na ikifika pale inapoomba mtandao naiunga kwenye hotspoti yangu. Ikipita bila kutaja kampuni ya mtu, tunaendelea. MacBook nayo ina kufuli lake la akaunti ya Apple, muuzaji asipoweza kuitoa akaunti hapo hapo achana nayo, hakuna cha fundi wangu ataifungua kesho.

Baada ya hapo betri. Watu wanaangalia asilimia pale pembeni, inasoma 100 wanaridhika, wakati 100 ya betri iliyochoka ni sawa na kikombe kilichojaa lakini kikombe chenyewe ni cha kahawa. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, itakuandikia faili limekaa wapi, lifungue. Utaona mistari miwili, DESIGN CAPACITY ni betri ilivyotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni inachoweza kubeba leo. Siku nimempeleka mpwa tulikuta T480 moja, mashine hii ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma. Ya ndani ilizaliwa na karibu mWh 24,000 (hicho ni kipimo cha umeme wa betri) imebaki na 19,000 na ushee, safi. Ya nyuma ilizaliwa na hizo hizo 24,000 imebaki na 7,100. Muuzaji akaniambia "hiyo ni kawaida bosi, used hiyo." Nikaigeuza, nikasukuma vile vibanio viwili chini, betri ikatoka mkononi, nikamwonesha rafu yenye mashine zingine kama sita za aina hiyo hiyo, nikamwambia naomba nijaribu ile na ile. Ya tatu ikasoma 20,000 na kitu, tukaichukua hiyo, yeye akacheka tu. Kama mashine yako betri iko ndani hutaweza kufanya hivi, basi hiyo namba itumie kushushia bei.

SSD nayo ina afya yake. Beba programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi, ni ya bure na kuna toleo halihitaji kuinstoliwa, inakupa asilimia ya afya na masaa iliyowashwa. Chini ya 80 mimi naanza kununa. Vingine ni vya haraka: fungua Notepad ugonge kila kitufe, angalia kibodi isiwe ya Kijerumani ambayo Y na Z zimebadilishana au ya Kifaransa ambayo A imekaa kwenye Q, chomeka flashi kila tundu, chomeka iafoni, washa kamera, weka kioo cheupe kabisa utafute madoa, fungua na kufunga mfuniko usikie bawaba kama zinalia. Risiti iandikwe namba ya siriali ya mashine na siku za waranti, sio "laptop 1 pc".

Chaja isikupite. Dell hasa ni wachaguzi, ukiwachomekea chaja wasiyoitambua wanakuletea onyo, betri haichaji na mashine yenyewe inapunguza mwendo, mtu anadhani laptopu mbovu kumbe chaja ni ya kuokoteza. T480 na wenzake wa umri huo mara nyingi wanachaji kwa tundu la USB-C, chaja ya Wati 65 inawatosha, na chaja hiyo hiyo nzuri inaweza kuchaji na simu yako.

Tuje kwenye programu, huku ndiko hela inakopotelea bure au kinyume chake watu wanajazwa virusi bure. Siri ambayo mafundi wengi hawakwambii: hizi laptopu za ofisini karibu zote zilinunuliwa na leseni halali ya Windows Pro, na ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga Windows Pro kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe, unaunga intaneti inajiwasha yenyewe kihalali bila mtu kuandika kitu. Lakini fundi anachomeka flashi yake ya siku zote, anapiga toleo lingine, kisha anawasha kwa kile kiprogramu cha kukraki, yaani kuiba leseni, ambacho kwanza kinakuomba uzime ulinzi. Yaani leseni yako imelala ndani, yeye anakuletea mwizi mlangoni na kukuchaji elfu ishirini juu. Mwambie aweke Pro safi, kisha ingia Settings uangalie sehemu ya Activation. Faili lenyewe ni zaidi ya GB 5, kama bando ni la kuunga unga shusha ukiwa chuo au ofisini.

Antivairasi usinunue, ile inayokuja na Windows inatosha kama huchomeki flashi za kila mtu na huweki programu za kukraki. Kwa kuandika na hesabu weka LibreOffice, bure kabisa, inafungua na kuhifadhi docx na xlsx. Kasoro yake niseme ukweli, ukipokea faili lenye majedwali mengi mpangilio unaweza kuhama kidogo, kwa hiyo CV na ripoti tuma kama PDF, kitufe kipo pale juu. Ukibanwa lazima iwe Word yenyewe, ingia Word ya kwenye brauza kwa akaunti ya Microsoft, hiyo bure, na kama chuo chako kimejiunga na mpango wao wa elimu, imeili ya chuo inakupa zaidi. Uliza ofisi ya TEHAMA kabla hujanunua kitu.

Zinazobaki: VLC kwa video, 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa, Firefox na kiongezi cha uBlock Origin, hiki kinazuia matangazo na bando unaliona linavyokaa, Bitwarden kwa kutunza pasiwedi. Kazi zako za muhimu ziweke na nakala Google Drive, una GB 15 za bure ingawa zinagawana na Gmail na picha za simu.

Mwenye mashine ya kizazi cha nne au cha sita tayari nyumbani usilie, kuna Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Inataka RAM GB 2 tu kuanza, ingawa 4 ndiyo utafurahi. Uzuri ni kwamba unaiweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus, unaiwashia hapo hapo bila kugusa Windows yako, unajaribu Wi-Fi, sauti na printa, ukiridhika ndiyo unaiweka. Ukikwama mafundi wa mtaani wanaoijua ni wachache, hilo lijue. Na kama kazi yako inategemea programu moja ya Windows tu, baki huko.

Flashi nazo, maana hapa hata wajanja wanalia. Ukiona flashi ya terabaiti 2 inauzwa elfu ishirini barabarani, hiyo ni ya GB 8 au 16 iliyofundishwa kusema uongo. Inakubali kupokea mafaili yote vizuri, majina unayaona, siku ukiyafungua hayapo. Ipime kwa H2testw, inaijaza yote kisha inasoma ilichoandika, iliyo feki inaumbuka. Inachukua muda, iache usiku.

Na la bando: siku ya kwanza ukiunga hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya ile Wi-Fi uwashe metered connection. Usipofanya hivyo Windows itaona mtandao, itafurahi, itaanza kushusha apdeti za miezi yote iliyopotea, GB zako za wiki zinaisha kabla ya chai. Apdeti zishushe mwenyewe kwenye mtandao wa bure.

Mpwa alitoka na ile T480, i5-8350U, RAM GB 8, SSD 256, kwa laki tano na ishirini baada ya nusu saa ya kununa kwangu. Elfu themanini iliyobaki nilimwambia aongeze kijiti kingine cha RAM. Jana kanitumia picha ya spika ya bluetuthi.