Kupanga na kukata klipu za vokali kwenye FL Studio

Machalii wa Chuga (Arusha) mnaorekodia geto kwa FL Studio, programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta, iwe Ngarenaro au Sakina, kabla hujagusa klipu yoyote ya vokali, yaani kipande cha sauti ya msanii ulichorekodi, weka tempo (kasi) ya biti kwanza, maana ukipanga vokali halafu ndo ubadilishe tempo utaanza upya na utalia. Tempo ikiwa mapigo 90 kwa dakika, vesi ya ba 16 (ba moja mapigo manne) inakula kama sekunde 43, so unajua mapema korasi inaingia wapi.

Kukata bonyeza C upate kisu, kurudi kuchora bonyeza P. Kisu kikigoma kukata pale unapotaka, shika Alt ukikata, hapo gridi, ile mistari ya kupangia, haikubani. Sasa pale katikati ya neno usikate aisee, zumu mpaka uone wimbi lenyewe, kata linapogusa mstari wa katikati, la sivyo inalia "tk" na kwenye spika za daladala ya Kijenge itasikika vizuri kuliko vesi yako. Hiyo "tk" ikibaki, weka fedi fupi tu, sauti ipande au ishuke taratibu. Pumzi usifute zote, rapa asiyepumua anaboa, we zishushe sauti.

Kitu kinachosumbua wengi: umekata adlibu (yale maneno ya kuchombeza vesi) vipande vitano, unapandisha pichi ya kimoja, yaani sauti iwe nyembamba, vyote vinapanda. Vinatumia chaneli moja, so bonyeza kona ya juu kushoto ya kile kipande, chagua Make unique, ndo ubadilishe.

Kurudia korasi, iseleti halafu Ctrl+B. Na uwe unasevu, umeme wenyewe tunaujua.