GNOME na KDE zikigombana kwenye Ubuntu: usifomati kwanza

Juzi nilikuwa namsaidia binamu yangu. Ubuntu yake (mfumo wa Linux) ilikuja na desktopu ya GNOME kama kawaida, akaongeza nyingine, KDE, kwa `sudo apt install kubuntu-desktop`, na toka hapo ni vurugu: skrini ya kuingilia imebadilika, aikoni za GNOME zimegeuka za KDE, na mwisho anaweka paswedi sahihi inamrudisha palepale. Kila aliyemuuliza alimwambia afomati. Jamani, mara nyingi mfumo ni mzima kabisa, kilichochafuka ni setingi.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini nyeusi ya kuandikia amri, ingia kwa jina na paswedi yako. Paswedi haionekani ukiandika, we andika tu.

Hatua ya 2: jua ugomvi uko wapi. Tengeneza yuza mpya, `sudo adduser jaribu`, kisha `sudo reboot` na uingie GNOME kwa yuza huyo. Akiingia vizuri na kila kitu kiko sawa, shida iko ndani ya folda yako ya /home, nenda hatua ya 3. Naye akigoma, ruka hadi ya 4. Nasisitiza hii kwa sababu watu wanakimbilia kuinstali upya mapakeji wakati apt (kiinstalia cha Ubuntu) haigusi setingi zako zilizoko /home, unaweza kuondoa na kurudisha KDE usiku kucha na ile themu ikabaki vilevile.

Hatua ya 3: safisha /home. Hapa ndipo masaa yanapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kama unarudishwa kwenye paswedi, rudi Ctrl+Alt+F3 kwa jina lako mwenyewe, uanze na `df -h` (inaonyesha nafasi ya diski), maana diski ikijaa huingii hata ufanyeje. Kama kuna nafasi, andika `ls -la ~/.Xauthority ~/.ICEauthority`. Ukiona mmiliki ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) na siyo wewe, umempata mchawi, na hiyo hutokea mtu akifungua programu ya madirisha kwa sudo. Rekebisha: `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority ~/.ICEauthority`. Moja isipokuwepo usishtuke, hasa kama unatumia Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha).

Sasa themu. KDE huandika setingi zake ndani ya `~/.config/gtk-3.0` na `~/.config/gtk-4.0` ili programu za GTK (zilizoundwa kwa vifaa vilevile vya GNOME) zifanane nayo, na GNOME inasoma folda hizohizo. Usizifute, zibadilishe jina, tena ukiwa umetoka kabisa kwenye desktopu: `mv ~/.config/gtk-3.0 ~/.config/gtk-3.0.zamani`, na ile nyingine hivyohivyo. Ndani ya gtk-3.0 kuna faili la `bookmarks`, ndiyo folda ulizobandika pembeni kwenye Files (programu ya mafaili ya GNOME), kwa hiyo litengenezee folda mpya ulirudishe. Na asikudanganye mtu ufute `~/.config` yote, Chrome inaweka profaili yako humo!

Bado haijaisha, maana KDE inabadilisha na gsettings pia (hifadhi ya setingi za GNOME). Hii ifanye ukiwa ndani ya GNOME, siyo kule kwenye skrini nyeusi:

`gsettings reset org.gnome.desktop.interface gtk-theme`

Rudia kwa `icon-theme` na `cursor-theme`. Shida ni kwamba ukiingia tena Plasma (ndiyo desktopu ya KDE) inaweza kuandika upya vyote, ndiyo maana anayetaka zote mbili mimi namwambia kila desktopu iwe na yuza wake, basi.

Hatua ya 4: skrini ya kuingilia. `cat /etc/X11/default-display-manager` itakuonyesha inayotumika. Kubadilisha: `sudo dpkg-reconfigure gdm3`, chagua, washa upya. Kwa GNOME tumia gdm3 (skrini yake ya kuingilia), maana kufunga skrini kwake kunaitegemea.

Hatua ya 5: kuitoa KDE. `sudo apt remove kubuntu-desktop` inatoa pakeji ya jina tu, mzigo wenyewe unaweza kutoka na autoremove (inayoondoa mapakeji yasiyohitajika tena), ingawa si lazima utoke wote. Kabla ya hapo andika `sudo apt install ubuntu-desktop` ili GNOME isihesabiwe kama takataka, halafu jaribu kwa `sudo apt autoremove -s`, ambayo inaonyesha tu bila kufuta. Soma orodha yote. Ukiona gdm3, network-manager au ubuntu-desktop, simama hapohapo, ulinganishe na `/var/log/apt/history.log` kuona KDE ilileta nini hasa. Ikiwa safi, endesha bila `-s`.

Ukimaliza, yuza wa majaribio mtoe: `sudo deluser --remove-home jaribu`.