Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari: hatua kwa hatua, na majibu ya maswali yenu

Mwaka juzi mzee mmoja alivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja Mwanza mjini kupimwa macho. Chumba chetu cha vidonda alikifikia kwa bahati tu: aliyekuwa anampima macho aliona soksi yake ina doa. Nikamvua kiatu, kizibo cha soda kikadondoka sakafuni. Meno yake yote 21 yalikuwa yamejichora kwenye unyayo, mviringo kamili kama muhuri wa mtendaji wa kata, na katikati ngozi ilishakuwa nyeupe na kulainika. Nikamuuliza kimeingia lini. Akakiokota, akakigeuzageuza. "Mimi soda nilishakatazwa, sista. Hii itakuwa ya wajukuu."

Alikuwa amekitembelea tangu asubuhi, labda tangu jana yake. Hakuhisi kitu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, kwenye vidole vya miguu, ikipanda juu. Wengine huanza kwa miguu kuwaka moto usiku, kisha moto unazima, wanadhani wamepona. Kumbe mguu umekufa ganzi. Jasho nalo hukauka, kisigino kinapasuka. Na kama mishipa ya damu imeshakuwa myembamba, hata dawa unayomeza haifiki vizuri penye kidonda.

Hatua ya 1: Pima kama mguu unahisi

Hospitali wanatumia uzi maalumu wa plastiki. Nyumbani kuna njia isiyo na gharama, ilianzia Ipswich, Uingereza. Lala, vua soksi, fumba macho. Mtu akuguse kwa ncha ya kidole chake juu ya ncha ya dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, mguu mmoja kisha wa pili. Aguse kidogo tu, kama sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kutekenya. Wewe unasema "naam" kila unapohisi. Hapo ni sehemu sita. Ukikosa mbili au zaidi, hesabu kwamba mguu wako umepoteza hisia, na kila hatua inayofuata inakuhusu. Hata ukipata zote sita, miguu ikaguliwe kliniki walau mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 2: Kagua kila jioni

Juu, chini, kisigino, katikati ya vidole. Usipoweza kuinama weka kioo sakafuni, au mwite mtoto anayejua kusoma, macho yake ni makali kuliko yako. Mnatafuta malengelenge, mpasuko, sugu yenye doa jeusi chini yake, ukucha ulioingia nyamani. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu unajificha, unaonekana kama weusi uliozidi au zambarau. Tumia mgongo wa kiganja: linganisha joto la mguu huu na ule.

Usiku nako kuna adui. Panya, wanasema, huuma na kupuliza. Kwa mguu uliokufa ganzi hana hata haja ya kupuliza. Msidhani natania: madaktari wa kisukari wa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa walioamka na kukuta vidole vimetafunwa. Osha miguu kabla ya kulala, isibaki na harufu ya samaki, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Hatua ya 3: Osha, kausha, paka

Maji ya uvuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Baba yangu mdogo aliunguzwa miguu yote miwili na beseni la maji ya chumvi ambalo sisi wenyewe tulimwandalia kwa mapenzi yote. Usiloweke. Kausha katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando juu na chini, ila si katikati ya vidole, kwa sababu pakilowa panaoza. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Sugu usiikate kwa wembe.

Hatua ya 4: Kiatu

Usitembee peku, hata ndani. Mawe yetu ya Mwanza saa nane mchana yanaunguza kama kikaango, na wanaoanika dagaa wanajua mchanga ukoje.

Simama juu ya kipande cha boksi, mtu akuchoree mguu, ukate umbo hilo. Ukienda Mlango Mmoja kuchagua mtumba, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na uingize boksi lako ndani ya kiatu. Likijikunja, hicho si chako hata kama wanakupa bure. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Kandambili zinakata katikati ya vidole. Katambuga zina misumari. Na kila unapovaa: kung'uta kiatu, ingiza mkono ndani, ndipo uingize mguu.

Hatua ya 5: Kidonda kimeshatokea

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Mwagia kidonda bila kusugua. Funika kwa gauzi safi. Pamba inaacha nyuzi. Bandeji isibane. Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa. Maji ya ziwa hapana, hata kama yanaonekana meupe.

Usipake spiriti, majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli za rangi mbili. GV inatufichia kidonda sisi tunaokagua: kila kitu kinakuwa zambarau.

Kisha nenda kituo cha afya, siku hiyo au kesho yake. Haya ya nyumbani ni ya kukufikisha tu. Kule watapapasa mapigo ya damu kwenye mguu, watauliza sindano ya pepopunda, watakata ngozi iliyokufa na sugu ya pembeni. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu kidonda kinatoka kikubwa kuliko kilivyoingia. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Dawa za kuua bakteria si za kila kidonda, ni za kile chenye maambukizi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilenge kati ya 4 na 7 (mmol/L), kama daktari hajakupangia vingine.

Hatua ya 6: Usikikanyage

Hapa ndipo tunapogombana na wagonjwa. Mtu ananunua dawa za kupaka za bei mbaya, anafunga vizuri, halafu anatembea. Kila hatua uzito wa mwili mzima unasaga nyama changa iliyoota usiku. Nilikuwa na mama mmoja anauza dagaa, alitulia Jumatatu hadi Jumamosi, kidonda kikawa chekundu kizuri. Jumatatu iliyofuata nikakuta damu nyeusi imejikusanya chini ya ukingo. "Mama, jana ulienda wapi?" Kanisani, kwa miguu, na kwaya ilisimama saa mbili nzima.

Kidonda kikiwa chini ya unyayo, ulizia kama unaweza kufungwa hogo (plasta ngumu) maalumu la kuondoa uzito. Hilo ndilo linaloponya haraka kuliko yote. Likikosekana, magongo, kigoda jikoni, bodaboda mpaka mlangoni. Kuchechemea kwa kisigino hakuhesabiki.

Kila wiki mwombe muuguzi achore ukingo wa kidonda kwenye plastiki safi inayoonyesha, muone kama kinapungua. Wiki nne zikipita na hakijapungua kufikia nusu, rudi, usiongeze mafuta. Huenda damu haifiki au mfupa umeingiliwa.

Hatua ya 7: Usilale nacho

Harufu, usaha, ngozi nyeusi, uvimbe unaopanda, joto au wekundu uliovuka sentimita mbili kutoka ukingoni, mfupa kuonekana, sukari kupanda bila sababu, homa: nenda leo. Na kukosa homa kusikupe moyo, wengi hawapati.

Maswali yenu

Shikamoo sista. Nipo Nansio. Asali ya Tabora inatibu kidonda?
Marahaba. Asali ya kwenye chupa za barabarani haijasafishwa kwa ajili ya kidonda, na wataalamu wa miguu ya kisukari hawaishauri kwa kuponya. Weka kwenye kumbukumbu za utotoni. Kwenye chai nayo unajua jibu.

Wanasema ukianza kukatwa kidole, wanaendelea kukupandia mpaka pajani. Mjomba ilikuwa hivyo.
Pole. Kisu hakikupandisha ugonjwa. Mara nyingi mtu anafika donda ndugu limeshapita kidole, au damu imeziba juu zaidi. Anayefika mapema mara nyingi hakatwi kitu. Kama mnavuta sigara ukoo mzima, hapo napo paangalieni.

Mguu wa mama umevimba, una joto kuliko mwenzake, hauna kidonda na hauumi sana. Anaendelea na shamba. Tumsubirie?
Hapana. Aache kuukanyaga sasa hivi, mumlete hospitali leo. Inawezekana mifupa ya mguu inavunjika na kusagika bila yeye kujua. Ukikandwa maji ya moto unaharibika zaidi. Matibabu ni hogo, tena la miezi.

Natawadha mara tano kwa siku. Ni vibaya?
Ni vizuri, ila beba kitaulo chako ukaushe katikati ya vidole kila mara. Ukiwa na bandeji, muulize imamu kuhusu kupangusa juu yake, ruhusa ipo.

Mimi ni mpaa samaki Mwaloni. Mwiba wa sato umenichoma mkono, si mguu, umevimba tangu juzi. Nina sukari.
Acha kisu, njoo leo. Mkono wa mwenye kisukari unaweza kuoza kwa kasi ya kutisha, na unaanza hivyohivyo, kwa mwiba. Vua pete kabla uvimbe haujaibana.

Changu kimepona. Nirudi kwenye kandambili?
Watu 40 hivi kati ya 100 waliopona hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kovu si ngozi ya zamani. Rudi Hatua ya 2, kila jioni.

Yule mzee wa kizibo aliishia wapi?
Wiki tisa, kikafunga. Viatu vyake sasa vinakaa juu ya kabati, wajukuu hawafiki. Macho hatukuyapima siku ile. Ilibidi avuke tena.